UZI: Mwaka mzima wa somo la sanaa shuleni kwetu Tanga bila kunakili picha

Mwalimu wa Mkaa:
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Mie ni mwalimu wa sanaa, hii ya kuchora na kuchapa, sekondari moja ya serikali hapa Tanga mjini, jina la shule tuliache. Shule zimefungwa, mitihani imeisha, nimeona niandike tuliyofanya mwaka huu idarani kwetu kabla hayajapoa, na idara yenyewe ni watu wawili tu, mie na kijana mmoja anayejitolea. Uzi mrefu, ntauweka vipande vipande, wenye maswali ulizeni tu katikati.

Ilianzia hapa. Mtoto akiingia fomu wani ukamwambia chora, anafanya moja kati ya mawili. Ama anatoa kalenda au kava la daftari au katuni kwenye simu ya kaka yake, anapiga viboksi vya penseli juu yake ananakili boksi kwa boksi, ama anachora ile picha tunayoijua wote, milima miwili, jua linachungulia katikati, nyumba ya msonge, mnazi mmoja na mto. Mtoto kazaliwa Makorora, hajawahi kulala kwenye msonge, na bahari anaiona kila akitumwa mjini, lakini bahari yake kwenye karatasi ni yale mawimbi ya mistari ya vitabuni. Na picha ni safi, nyumbani anasifiwa, darasani anasifiwa, anaambiwa ana kipaji. Mie naamini hapo ndipo somo letu linapokufa, maana huyo mtoto hakuna siku aliyoambiwa akitazame kitu.

Januari tukaamua mwaka huu hakuna kunakili. Mchoro wowote utakaoingia kwenye faili la idara uwe umetoka kwenye kitu kilichokuwa mbele ya macho ya aliyechora, kitu anachoweza kutunyooshea kidole. Na muhula wa kwanza hakuna raba.

Binti Ngamiani:
Nipo palepale mwalimu. Ila hiyo ya raba nieleze, mdogo wangu alikuja nyumbani analia kwamba mwalimu kamnyang'anya raba, sijui ndio wewe au mwingine 😅

Mwalimu wa Mkaa:
Dada raba hatukunyang'anya, zilikaa kwenye kopo mezani na kila mtu alichukua yake mlango ukifungwa. Sababu ni hii. Mtoto mwenye raba anachora mstari, anafuta, anachora, anafuta, dakika arobaini zinaisha ana jicho moja la mbuzi na karatasi imetoboka. Asiye na raba anapiga mstari, akiona haukukaa sawa anapiga wa pili pembeni yake, na ule wa kwanza unabaki pale unamwonyesha alikosea upande gani na kwa kiasi gani. Yaani kosa linakuwa kipimo. Baada ya wiki kadhaa mistari inaanza kuwa mepesi yenyewe, hakuna aliyefundishwa, mkono unajua kwamba mstari wa kwanza ni wa kutafutia tu.

Na tulianza na mkaa, sio penseli, ndo maana ya jina langu humu. Penseli inamfanya mtoto aishike kwa vidole viwili aandike kama anaandika notisi, mkaa unamlazimisha atumie mkono mzima mpaka bega.

Mkuu wa Mikanjuni:
Mkaa huu huu wa gunia?

Mwalimu wa Mkaa:
Wa gunia mgumu na unakwaruza karatasi, unafaa kwa vivuli vikubwa tu. Wa kuchorea tulichoma wenyewe. Unachukua vijiti vyembamba vilivyonyooka, vikavu, unamenya ganda, unavipanga wima kwenye kopo la maziwa la bati mpaka vibanane, unafunika mfuniko wake uliotobolewa tundu dogo kwa msumari, unaliweka kopo kwenye moto wa kuni. Moshi unatoka kwenye lile tundu, mwanzo mweupe mwingi, ukikata basi kazi imeisha, unaliepua na unaliacha lipoe LIMEFUNGWA. Ukifungua bado lina moto hewa inaingia na vijiti vyote vinakuwa majivu. Tulijaribu mti huu na ule, laini zaidi kwetu ulitoka kwenye mkorosho mwembamba na kwenye vijiti vya mpera. Mkaa wa mwaka mzima haukutugharimu kitu, watoto wa fomu wani ndio wachomaji.

Sasa Februari. Baiskeli.

Tanga hii kila mtu anajua kwa baiskeli, walimu wetu nusu wanakuja nazo, na zinapangwa chini ya mwembe nyuma ya ofisi. Tukawapeleka watoto pale. Kitu cha kwanza utakachokiona ni kwamba kila mtoto anachora gurudumu duara, hata akiwa amekaa mbele ya baiskeli ambapo gurudumu linaonekana jembamba limesimama. Ukimuuliza anakwambia mwalimu gurudumu ni duara. Kweli ni duara, lakini toka ulipokaa hulioni duara! Akili inajua, jicho linaona, na mkono unafuata akili. Somo lote la sanaa liko pale, na sijapata kifaa bora kuliko baiskeli kulifundisha, maana ukihama hatua mbili tu gurudumu linabadilika umbo.

Tukawapa na kazi nyingine ambayo iliwatatiza sana mwanzo, usichore baiskeli, chora matundu. Yaani ile nafasi ya pembetatu kati ya mabomba ya fremu, nafasi kati ya kanyagio na ardhi, vipande vya ukuta unavyoviona katikati ya spoku. Ukichora nafasi zote kama zilivyo, ukinyanyua kichwa baiskeli imekaa kwenye karatasi na imekaa sawa kuliko ungeichora yenyewe. Kuna binti wa fomu tuu, mkimya sana, kwenye hesabu wanasema yuko chini, alichora matundu ya baiskeli nne zilizoegemeana na sijaona kazi ya namna ile toka nianze kufundisha. Ile karatasi nimeilaminisha.

Mzazi Pongwe:
Mwalimu mie niseme ukweli na usinichukie. Kazi nzuri, hongera. Ila mimi ni mzazi na nina kijana fomu srii. Mtoto mwenye nafasi ya kusoma fizikia na kemia anakaa chini ya mwembe anachora baiskeli, kesho na keshokutwa ajira iko wapi? Wachora mabango wenyewe wameuawa na mashine, siku hizi bango linatoka limechapwa dakika kumi.

Mwalimu wa Mkaa:
Mzee wangu sikuchukii hata kidogo, swali lako naulizwa na mkuu wangu wa shule pia. Ntakujibu kwa niliyoyaona mwaka huu.

Mwalimu wa bailojia alinifuata mwezi wa nne akaniuliza nimewafanya nini hawa watoto. Kwenye prakitiko yao wanapewa kielelezo, mbegu ya haragwe iliyopasuliwa, jani, mdudu, wanaambiwa wachore walichokiona na kutaja sehemu. Miaka yote watoto wanachora mbegu ya kitabuni waliyoikariri, hata kama ile ya mezani imekaa tofauti. Wa kwetu walianza kuchora mbegu iliyopo mezani. Hicho hakikuwa kwenye mpango wangu, lakini ndicho kilichotokea, na mwalimu huyo mwezi wa saba alikuja kukaa kwenye vipindi vyangu viwili.

Halafu mtaala wenyewe unageuka, toka 2024 kuna mkondo wa amali unaingia sekondari na sanaa bunifu zimo humo. Mie sisemi kijana wako aache fizikia. Nasema mtu anayejua kutazama anakwenda nayo popote, fundi ujenzi, daktari, mshonaji, mpima ardhi. Kuhusu mabango tungoje kidogo, kuna mtu humu najua atakuja.

Machi ilikuwa Ramadhani, kazi za nje tukapunguza, watoto wamefunga huwezi kuwaweka juani. Tulikaa ndani tukachora mikono. Mkono wa kushoto kila siku, wa kulia ndio unaochora. Umefumba, umefumbua, umeshika tende, umeshika chaki. Hakuna la kusimulia sana hapo zaidi ya kwamba kila mtu anao mkono na hakuna mwenye kisingizio.

Baada ya Idi tukaenda Tongoni.

Waja Leo:
Tongoni hapo nasubiri. Nimekulia njia ya Pangani, tulikuwa tunapita na daladala kila siku bila kushuka.

Mwalimu wa Mkaa:
Ndio hivyo, wengi wa wanafunzi wangu pia walikuwa hawajafika, na ni kilomita 17 hivi tu toka mjini. Kwa asiyejua, Tongoni kuna gofu la msikiti wa zamani na makaburi kama arobaini hivi, baadhi yana nguzo, mengi ya karne ya 15 huko. Vasco da Gama alipita bahari ile ile 1498 na jahazi lake moja likakwama kwenye fungu karibu na hapo, aliporudi 1499 akalichoma moto maana mabaharia hawakutosha kuendesha yote. Watoto historia hiyo wanaisoma darasani na hawajui ni hapa.

Lakini mie sikuwapeleka kwa ajili ya Vasco. Kwenye zile nguzo za makaburi kuna vishimo vya duara vilivyochongwa kwenye chokaa. Zamani vilikuwa na mabakuli na sahani za kaure zilizotoka Uchina, zimepachikwa kuwa pambo. Sahani hazipo, vishimo vipo. Nikawaambia chora kishimo. Jua la asubuhi linaingia upande mmoja, kwa hiyo ukingo mmoja unang'aa na mwingine una giza, na ndani kuna giza la katikati ambalo sio jeusi kabisa. Ni kazi ya mwanga na kivuli tupu. Kila mtu alikaa na kishimo chake asubuhi nzima, na jua linavyopanda kivuli kinahama, mtoto anakwambia mwalimu kitu changu kinaondoka. Ndio, kitaondoka, amua unakishika cha saa ngapi! Wengine walichora kimoja mara tatu, saa tatu, saa tano na saa saba, wakaweka pamoja kwenye karatasi moja. Hakuna aliyewaambia.

Mtunzaji wa pale, Mungu ambariki, alizunguka nao akiwaonyesha mawe ya matumbawe yaliyojengewa, jinsi yanavyokatwa yakiwa laini yametoka majini yakakauka yakawa magumu. Wale wa fomu tuu walirudi na michoro ya jiwe la matumbawe peke yake, lile jiwe lina vijitundu vya nyota ndani yake, ukilitazama karibu huchoki.

Mkuu wa Mikanjuni:
Mwalimu nina hoja. Unasema kunakili kunaua sanaa. Tingatinga je? Pale Dar vijana wanachora twiga na tembo yule yule kila siku, wanauza, wanasomesha watoto. Na wachongaji wa Kimakonde kijana anajifunza kwa kuiga cha mjomba wake. Hao sio wasanii?

Mwalimu wa Mkaa:
Hoja nzuri sana hii na nilitaka mtu aiulize.

Tuanze na Tingatinga mwenyewe, Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru. Wengi hawajui kwamba kabla ya kufika Dar alikuja huku kwetu Tanga kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Alianza kuchora 1968 hivi, kwenye mbao nyepesi za dari, kama futi mbili kwa mbili, kwa rangi za kupakia baiskeli, akiuza Oysterbay. 1972 akapigwa risasi na polisi kwa kudhaniwa mtu mwingine, akafa. Miaka minne tu! Hakunakili kalenda, alitumia alichokuwa nacho, na mbao na rangi zile ndizo zilizompa ule mtindo, maana rangi ya baiskeli inang'aa, inakauka taratibu, inataka umbo kubwa na mandhari ya rangi moja. Ndugu zake aliowafundisha wakaendeleza, 1990 ikaundwa jumuiya ya ushirika, na wapo mpaka leo. Kwenye ushirika ule wapo wanaorudia, na wapo waliotoka kabisa wakaja na vyao, vijiji, hospitali, masoko yaliyojaa watu. Anayerudia kwa sababu mteja kaagiza anafanya biashara halali, simlaumu.

Na kijana anayekaa pembeni ya mjomba wake mchongaji, yule hanakili picha. Anatazama mkono, anatazama patasi inaingia na pembe gani, anasikia mpingo unavyolia ukichongwa kinyume cha nyuzi zake. Ana kitu mbele yake, ana mtu mbele yake, akikosea anapigwa kibao. Kalenda haikupigi kibao. Kwa hiyo kuiga fundi akiwa hai mbele yako mie naunga mkono asilimia mia, na mwakani nataka tumlete fundi wa milango ya nakshi.

Fundi Mabango:
Mwalimu nimefika, nimeona umeniita bila kuniita. Mie nimeandika mabango Tanga hii tangu miaka ya themanini, maduka ya barabara ya pili mpaka ya kumi na tano, magari, boti. Ni kweli mashine imetuchukulia kazi. Ila nakwambia mzazi wa Pongwe, aliyeweka zile mashine mjini ni kijana wangu niliyemfundisha herufi, na anawashinda wenzie kwa sababu hiyo hiyo, anajua herufi inataka nafasi gani. Wengine wanabana maneno mpaka mteja hawezi kusoma toka barabarani.

Mwalimu wa Mkaa:
Mzee shikamoo. Na nimekuja kwenye herufi sasa hivi, sogea karibu.

Ila kwanza masika. Mwezi wa nne na wa tano mvua ya Tanga mnaijua, nje hakukaliki, na manila zetu zikaisha. Pesa ya ruzuku inagawanywa kwa masomo yote na sanaa inafika mwisho. Hapo tukageukia mkonge.

Mkonge umeingia nchi hii 1893, Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja toka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa huku Pangani. Toka miche hiyo 62 Tanganyika ikaja kuwa mzalishaji mkubwa kabisa duniani, mwaka 1964 tulifika tani 230,000 hivi. Na kwenye jani la mkonge, singa, yaani nyuzi zake, inayopatikana ni kama asilimia 4 tu, kilichobaki chote ni maji na makapi yanayomwagwa nyuma ya korona, ile mashine ya kusaga majani. Ndani ya makapi hayo kuna singa fupi fupi zilizopotea. Mzazi mmoja anafanya kazi shambani akatuletea viroba vya makapi hayo, yameshakauka. (Mabichi msiguse mikono mitupu, maji yake yanawasha vibaya.)

Tukayakatakata kwa mkasi vipande vya kama urefu wa kucha, tukayachemsha kwenye pipa na magadi toka asubuhi mpaka mchana, tukayasuuza mpaka maji yakatoka meupe, halafu kinu. Hapo ndipo kazi. Singa ya mkonge ni kaidi, ilitengenezwa kufunga meli, unatwanga unatwanga bado nyuzi. Tulikuwa tunapokezana mchi kwa nyimbo, madarasa mengine yakalalamika. Yenyewe peke yake ilitoa karatasi yenye manyoya, nzuri kwa mkaa lakini sio kwa rangi, kwa hiyo tukachanganya na karatasi za mitihani ya zamani zilizolowekwa usiku kucha, mkonge theluthi moja hivi. Unamimina rojo kwenye beseni kubwa la maji, unakoroga, unazamisha fremu iliyowambwa wavu wa dirisha wa mbu, unainyanyua ikiwa imelala sawa, maji yanachuruzika, kinabaki kitambaa chembamba cha rojo. Unakigeuzia juu ya kanga kuukuu, unaweka kingine juu, unakandamiza na ubao na mawe, unaanika. Kisha tunapaka uji mwepesi wa muhogo juu yake, bila hivo wino unasambaa.

Rangi yake ni ya maziwa yaliyoingia majivu kidogo, ina vinyuzi vinaonekana ukiiinua kwenye mwanga. Na ukikaa na karatasi uliyoitwanga mwenyewe huchori ovyo. Nimeona kwa macho yangu mtoto aliyekuwa anachana manila nne kwa kipindi, kakaa na karatasi moja ya mkonge wiki nzima.

Binti Ngamiani:
Hiyo karatasi nimeiona! Mdogo wangu kaibandika ukutani chumbani. Kumbe ni mkonge, mie nilidhani ya dukani.

Mwalimu wa Mkaa:
Ya kwake naikumbuka basi, ngalawa za Sahare, mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, vimekatana vizuri sana pale, tanga limeshushwa. Mwambie aendelee.

Sasa Julai, muhula wa pili, kanga. Herufi hizo mzee Fundi.

Kanga ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, ina jina. Mtoto wa Tanga anazaliwa anapokelewa kwenye kanga, lakini ukimwambia atengeneze ya kwake ndipo anagundua hajawahi kuitazama. Tuliwaambia walete za nyumbani (kwa ruhusa ya mama tafadhali), tukazitandaza sakafuni, tukapima. Pindo ni sehemu gani ya upana, pembe inageukaje, pambo likifika kona linakatwa au linapindishwa, jina limekaa umbali gani toka pindo la chini. Pembe ndiyo ngumu kuliko yote, mtengenezaji mzuri unamjua kwenye pembe.

Vibao vya kuchapia tulitumia soli za ndala zilizochakaa. Unaosha, unachora kwa kalamu, unachonga na wembe uliofungwa kwenye kijiti, soli inakatika vizuri na inashika rangi. Kitambaa marekani, rangi ile ya maji ya ukutani iliyolainishwa kidogo. (Kwa nguo ya kuvaa na kufua tafuteni rangi ya nguo ya kweli, hii ya ukutani inakakamaa.) Sheria ilikuwa ile ile, pambo litoke kwenye kitu ulichokitazama. Kila mtu alitaka korosho kwa sababu kanga zina korosho, tukasema sawa, ilete korosho. Wakaleta na bibo lake, wakaona kwamba umbo la kweli lina mgongo na kifundo ambacho kwenye kanga nyingi kimeshapotea. Kundi moja walichukua mnyororo wa baiskeli ukawa pindo, pingili kwa pingili kuzunguka nguo nzima, na kwenye pembe wakaweka gia. Wale wameilipa ile baiskeli ya Februari.

Majina walitunga wenyewe. Kibao cha herufi lazima uchonge kinyume ndio kichapwe sawa, kwa hiyo kila kundi lilikuwa na kioo mezani. Kuna lililoandika TAZAMA KWANZA NDO USEME. Jingine KILICHOPO MBELE YANGU CHANITOSHA. Ya pili mkuu wa shule aliiomba, ipo ofisini kwake.

Fundi Mabango:
Nafasi kati ya A na V mliwafundisha?

Mwalimu wa Mkaa:
Hatukufika huko mzee, walipanga kwa macho. Kama utakuwa na nafasi Januari karibu sana, nauli na chai juu yangu.

Fundi Mabango:
Nitakuja. Nauli ya nini, nina baiskeli.

Mzazi Pongwe:
Mwalimu endelea, nasoma. Fomu foo wenyewe walifanyaje na mtihani na haya yote?

Mwalimu wa Mkaa:
Agosti ilikuwa mock, fomu foo wakarudi kwenye nadharia, wenzao wakaendelea na faili zao. Mtihani wa taifa una nadharia na una vitendo, na kwenye vitendo kuchora kitu kilichopangwa mbele yako ni sehemu ya kawaida, kwa hiyo hawakupotea. Matokeo yanatoka Januari, siwezi kusema kabla.

Maonyesho tulifanya Septemba siku ya kikao cha wazazi, kusudi, kwa sababu ukiita wazazi kuja kuona michoro tu hawaji. Tulifunga kamba za mkonge kwenye veranda yote ya madarasa, kazi zikaning'inizwa kwa vibanio vya nguo, na chini ya kila moja karatasi ndogo, nani kachora, katazama nini, wapi, saa ngapi. Hiyo ya "katazama nini" ilifanya kazi kubwa maana mzazi hakubaki kusema nzuri nzuri, alianza kubishana. Bi mkubwa mmoja alisimama kwenye mchoro wa jiko la mkaa akasema hili jiko langu, nalijua kwa huu ufa. Ndilo, mjukuu wake kachora.

Na kulikuwa na baba mmoja fundi baiskeli wa Msambweni, yeye alikaa kwenye zile za Februari muda mrefu. Akamwita kijana aliyechora moja akamwambia wewe umekosea, mnyororo hauwezi kulegea hivi, baiskeli hii haiendi. Kijana akajibu kwa adabu, baba ndivyo ulivyo. Yule baba akacheka akasema haiwezekani. Wakatoka wote mpaka chini ya mwembe, nasi nyuma yao, baiskeli ya mwalimu wa jiografia ilikuwa pale pale, na mnyororo umeninginia vile vile kama kwenye karatasi, toka Februari hakuna aliyeukaza. Fundi akachuchumaa akatoa spana mfukoni akaukaza pale pale. Halafu akarudi kwenye mchoro akautazama tena, akaniuliza huyu kijana mmemfundisha baiskeli? Nikamwambia hapana, tumemfundisha kutazama. Akasema Jumamosi aje gereji.

Anaenda mpaka leo.

Mzazi Pongwe:
Hapo umenimaliza mwalimu. Huyu wangu wa fomu srii anaweza kuingia Januari au nimechelewa?

Mwalimu wa Mkaa:
Kwa mtihani wa taifa kachelewa, akiwa anaingia fomu foo somo jipya hawezi kusajili, simdanganyi. Ila Jumatano mchana baada ya vipindi tuna klabu, anakuja mwenye kutaka, wa mkondo wowote hata shule ya jirani. Aje na kaunta buku isiyo na mistari, kama haipo ya mistari inafaa. Mkaa tutampa.

Waja Leo:
Nami mtu mzima naruhusiwa hiyo Jumatano? Nataka kuanza na Tongoni.

Mwalimu wa Mkaa:
Karibu kaka. Raba iache nyumbani.